Tambi za Siku za Dhoruba

Kila alasiri baada ya shule, Pitsiula alipita njia ileile: dukani, kanisani, nyumba ya buluu ya jirani yao Juta, kisha kwao. Alivua koti na viatu vizito kibarazani, kile chumba kidogo kisicho na moto ambacho kila nyumba ya kijiji chetu cha Itilliaq, kaskazini kwenye barafu, huwa nacho mbele ya mlango. Humo watu huweka nyama na samaki, maana hakuna jokofu linalogandisha kuliko baridi yenyewe. Kisha aliingia ndani, akabandika birika, akamuuliza bibi yake kama amemeza dawa.

"Nimemeza, kaka," bibi alijibu. "Na wewe je, leo mwalimu amekufundisha kuwinda nini?"

Bibi Ulaju hakumwita mjukuu. Pitsiula alipewa jina la kaka mkubwa wa bibi, mwindaji aliyefariki mwaka uleule aliozaliwa yeye, na kwetu anayerithi jina hurithi na undugu. Kwa hiyo msichana wa miaka kumi na miwili alikuwa kaka, na kikongwe wa miaka sabini na kitu alikuwa mdogo mtu. Wakitaniana, Pitsiula alimwita "mdogo wangu," na bibi alicheka mpaka mabega yakatikisika.

Mwezi ule nyumba ilikuwa na watu wachache. Baba alikuwa kazini mgodini. Mama alikuwa amepanda ndege kwenda mjini kusubiri kujifungua, kwa kuwa zahanati ya kijiji haizalishi. Waliobaki ni bibi, Pitsiula na mdogo wake Lasalusi, aliyekuwa darasa la kwanza na mwenye maswali yasiyokwisha. Mama mdogo Nivi, binti wa mwisho wa bibi, aliishi upande wa pili wa kijiji na alikuja kuwaangalia kila jioni. Alikuwa mkalimani katika zahanati. Wazee walieleza maumivu yao, naye akamfasiria muuguzi Odile, aliyetoka kusini na hakujua lugha yetu ila salamu.

Kabla ya kuondoka, Mama alimshika Pitsiula mabegani.

"Bibi yako ana moyo uliochoka," alisema. "Chumvi inamdhuru. Nivi atawapa nyama ya kulungu, hicho ndicho chakula cha bibi. Zile tambi za pakiti ni za wewe na Lasalusi. Bibi asionje hata mchuzi wake. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mama."

Na kweli alielewa. Hilo ndilo lililomsumbua baadaye.

Asubuhi moja, wakati wanakunywa chai, simu iliita. Alikuwa Nivi.

"Pitsiula, redio inasema tufani ya theluji inakuja. Nimekuwekea paja la kulungu kwenye kibaraza changu, ndani ya mfuko mweusi. Ukitoka shule pita na sledi ulichukue. Mimi leo nitachelewa kazini."

"Sawa, Mama mdogo."

Lakini mchana, katika ukumbi wa shule, wasichana walikuwa wakicheza magongo dhidi ya wavulana. Pitsiula alisimama mlangoni, mkononi kamba ya sledi, kile kigari kisicho na magurudumu kinachoburutwa juu ya theluji.

"Nenda zako, mama wa nyumbani," Tuumasi wa darasa lake alimdhihaki. "Kapike. Bila wewe tutawafunga vizuri zaidi."

Wasichana wenzake wakamwita aingie kidogo tu. Aliingia. Kidogo kile kilirefuka, mpaka mwalimu alipopuliza filimbi na kusema kila mtu aende nyumbani moja kwa moja, sasa hivi, asipite popote. Nje upepo ulikuwa umekwisha anza kuinua theluji kutoka ardhini. Nyumba za ng'ambo ya kijiji hazikuonekana. Pitsiula alitazama upande wa nyumba ya Nivi, akaona weupe mtupu. Alikimbia kwao, sledi tupu ikirukaruka nyuma yake.

Alikuwa bado anahema simu ilipoita.

"Umefika salama?" Nivi aliuliza. "Umechukua nyama?"

Bibi alikuwa akimtazama kutoka kitini. Pitsiula alifikiria kelele atakazopigiwa. Alifikiria pia kwamba kesho upepo utatulia, ataenda kuichukua mapema, na hakuna atakayejua.

"Ndiyo," alisema.

"Umeiweka wapi?"

"Kibarazani."

"Umefanya vizuri. Mimi nimekwama huku, nitalala zahanati na muuguzi. Mpikie mama yangu vizuri."

Kesho yake upepo haukutulia. Uliipiga nyumba kama mtu anayetaka kuingia kwa nguvu, na kuta zikalia. Dirisha la jikoni liligeuka jeupe, halafu la sebuleni nalo. Nyumba ya Juta ilikuwa jirani kabisa, lakini hata taa yake haikuonekana. Mchana na jioni vilifanana. Lasalusi alibandika pua kwenye kioo.

"Dunia imekwenda wapi?" aliuliza.

"Ipo," bibi alisema. "Imejifunika tu. Nasi tukae ndani mpaka ijifunue. Kaka, hiyo nyama vipi?"

"Imeganda kama jiwe, Bibi," Pitsiula alijibu haraka. "Itachukua muda kuyeyuka."

Alikwenda kibarazani kama anayekwenda kuiangalia. Theluji laini ilikuwa imepenya kwenye nyufa na kufunika pipa la mafuta na nyavu za baba. Kulabu za nyama zilining'inia tupu. Alisimama pale mpaka masikio yakauma, halafu akarudi ndani.

Kabatini kulikuwa na boksi kubwa la tambi za pakiti, mayai machache, unga kidogo, maziwa ya unga, na mikebe ya mbaazi, mahindi na nyanya. Pitsiula alichemsha tambi, akazichuja, akazikoroga na mayai mawili, kisha akazikandamiza kwenye kikaango chenye siagi mpaka zikashikana na kuwa za kahawia pembeni. Alizikata kama keki. Kile kipakiti kidogo cha unga wa viungo wenye chumvi, kinachokuja na tambi, alikishika mkononi. Alikumbuka maneno ya Mama. Alionja tambi bila kitu. Zilikuwa kama karatasi. Akanyunyiza kidogo, nusu tu, akajiambia nusu si kitu.

"Keki ya tambi," Lasalusi alisema mdomo umejaa. "Dada, wewe kumbe unajua."

Bibi alikula polepole, akajilamba kidole. "Kaka yangu amekuwa mpishi wa hoteli. Lakini kesho nataka nyama."

Kesho yake Pitsiula aliamka na jibu tayari. Lilimjia usiku akiwa kitandani, na lilionekana zuri.

"Bibi, nimefikiria," alisema. "Ile nyama si bora tumwekee Mama? Atarudi na mtoto, amechoka. Sisi tuna tambi nyingi."

Bibi alimgeukia. Macho yake yakalainika.

"Umefikiria vizuri kuliko mimi," alisema. "Mwanamke aliyejifungua anahitaji nyama ili apate maziwa. Basi mimi sitaigusa. Nitakula mnachokula ninyi."

Pitsiula aligeukia jiko ili uso wake usionekane. Uongo wa jana ulikuwa umepata mguu wa kusimamia, na bibi ndiye aliyeupa mguu huo kwa wema wake.

Jioni Mama alipiga simu kutoka mjini. Mtoto alikuwa bado, na ndege zote zilikuwa zimesimama. Bibi ndiye aliyeshika simu.

"Usituhurumie sisi," alisema kwa fahari. "Tunakula vizuri. Paja lako la kulungu liko kibarazani, hatujalikata. Ni wazo la kaka yangu." Halafu akamnyooshea Pitsiula simu.

"Ni kweli, mwanangu?" Mama aliuliza. Sauti yake ilikuwa nyepesi na ya mbali. "Asante. Lakini mkatie bibi kipande, sawa? Yeye asile hizo tambi."

"Sawa, Mama."

Sasa waliodanganywa walikuwa watatu. Tena hapakuwa na njia ya kutoka. Nyama ilikuwa upande wa pili wa kijiji, na mtu mzima aliyeijua njia tangu utotoni angepotea kabla ya kufika kanisani. Juta alikuwa na samaki na nyama tele, na simu yake ilikuwa ikifanya kazi. Lakini angempigia amwambie nini? Juta angeuliza ile ya Nivi imekwenda wapi. Kila mlango aliougusa kichwani ulikuwa na uongo wake mwenyewe umeukalia.

Kwa hiyo alipika. Alipika kwa bidii ya mtu anayezuia maji kwa mikono. Alikoroga tambi na maziwa ya unga na siagi ya karanga mpaka zikawa na mchuzi mzito. Alizipanga kwenye trei na nyanya za mkebe, akamwaga juu yake biskuti za chumvi alizozisaga kwa chupa, akazioka mpaka nyumba ikanukia. Nyingine alizivunja mbichi, akazikaanga na sukari kwa ajili ya Lasalusi. Kila sahani ilikuwa tofauti, na kila sahani ya bibi ilikuwa na unga wa viungo. Kwanza nusu. Halafu, kwa kuwa bibi alisema chakula kimepooza, kipakiti kizima. Vipakiti vitupu alivisukuma chini kabisa ya pipa la taka, akafunika na maganda ya mayai.

"Niongezee mchuzi," bibi alisema. "Unapasha mwili joto."

Pitsiula alimwongezea.

Nje weupe uleule, sauti ileile. Mlango wa nje haukufunguka tena. Theluji ilikuwa imejirundika dhidi yake mpaka usawa wa kitasa. Lasalusi alichoka na michezo yote. Aliketi chini akisikiliza redio ya kijiji, ambayo wakati wa dhoruba haizimwi. Mtangazaji, Bi Mele, alikuwa amenasa kituoni tangu siku ya kwanza. Watu walimpigia kusalimiana, kuulizana mafuta, kuimba nyimbo za kanisani. Kijiji kizima kilikuwa ndani ya kisanduku kile juu ya meza.

Mtu wa kwanza kuona mabadiliko ni Lasalusi.

"Bibi, miguu yako imenenepa," alisema.

Bibi alicheka. Lakini viatu vyake vya ndani vya ngozi vilikuwa vimekataa kuingia, na alipovua soksi, mpira wake ulikuwa umeacha mfereji kwenye nyama ya mguu. Alipobonyeza kwa kidole, shimo lilibaki. Alisema ni kukaa sana. Hata hivyo usiku ule hakulala chali. Alikaa kwenye kiti na mito nyuma yake, na kulipopambazuka alikuwa akivuta pumzi fupifupi, kama aliyetoka kupanda mlima.

"Kaka," alisema, akapumzika, "mpigie Nivi."

Pitsiula alipiga zahanati. Nivi alipokea mara moja. Pitsiula alimweleza kuhusu miguu na pumzi, na akamsikia Nivi akimfasiria muuguzi. Nivi alikuwa akizungumzia mama yake mzazi, lakini sauti yake ilibaki imara, kama mtu anayebeba kikombe kilichojaa.

"Muuguzi anauliza amemeza dawa?"

"Kila siku. Nimemuona."

"Anakula nini?"

Pitsiula alimtazama bibi, na bibi alimtazama yeye.

"Nyama," alisema.

"Nyama tu? Hakuna chumvi? Hakuna vyakula vya mkebe, wala hizo tambi zenu?"

"Hakuna."

Yalifuata maneno ya haraka upande wa pili, sauti ya Odile ikipanda. Nivi aliporudi kwenye simu, ile sauti imara ilikuwa imepasuka.

"Nisikilize vizuri. Muuguzi anasema kama anameza dawa na hali chumvi, basi ni moyo wenyewe unashindwa, na hawezi kumsaidia kwa simu. Lazima aletwe hapa leo. Nampigia Juta. Yeye na mwanawe watamfunga kwenye sledi waje naye kwa pikipiki ya theluji. Mvalishe bibi nguo zote za joto. Umesikia? Nakata."

Simu ilikatika. Pitsiula alibaki ameishika.

Kijijini kwetu hakuna asiyejua maana ya kutoka katika upepo kama ule. Miaka michache iliyopita mwanamume mmoja alitoka kwake kwenda kwa dada yake, nyumba ya nne tu, na walimpata theluji ilipoyeyuka. Na sasa Juta alikuwa anavaa. Pitsiula alimjua mwanawe, Ipeeli, ambaye alikuwa karibu kuoa. Bibi mwenyewe angefungwa kwenye sledi na pumzi zile fupi, uso kwa uso na upepo. Wote hao kwa neno moja alilolisema yeye.

Alibonyeza namba ya zahanati. Ilikuwa inatumika. Akabonyeza namba ya Juta. Nayo ilikuwa inatumika. Kutoka upande wa nyumba ya buluu, chini ya kelele za upepo, ulisikika mngurumo ukikohoa na kuzima. Halafu ukakohoa tena. Walikuwa wanawasha pikipiki.

"Bibi," alisema. "Hakuna nyama."

Bibi hakuelewa.

"Kibarazani. Hakuna. Sikwenda kuichukua. Nilicheza shuleni. Umekula tambi kila siku na nimekutilia ule unga wote. Nimemwambia Nivi uongo sasa hivi."

Bibi alipumua mara kadhaa kabla ya kusema.

"Piga tena."

"Simu zao zinatumika."

Bibi aliinua mkono mzito na kuonyesha redio.

Pitsiula alielewa. Moyo wake ulikataa, kisha vidole vyake vikabonyeza. Bi Mele alipokea kwa sauti yake ya uchangamfu.

"Redio ya Itilliaq. Nani mwenzangu?"

"Pitsiula, mjukuu wa Ulaju. Tafadhali, Juta asitoke."

"Mwanangu, uko hewani," Bi Mele alisema taratibu. "Watu wote wanakusikia. Unataka tuongee pembeni?"

Pitsiula alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye kisanduku juu ya meza. Alifikiria Tuumasi, na mwalimu, na wote aliowajua, wamekaa jikoni kwao wakisikiliza.

"Hapana," alisema. "Nataka wasikie. Nilimwambia Mama mdogo Nivi kwamba bibi anakula nyama. Si kweli. Hatukuwa na nyama, sikuichukua. Amekula tambi za pakiti na unga wake wa chumvi, kila siku. Mwambieni muuguzi. Mwambieni Juta azime pikipiki. Ni mimi niliyedanganya."

Bi Mele akasema, sasa akiwaambia watu wote: "Juta, umesikia? Zima, ngoja zahanati ikupigie. Nivi, simu yako ni ya mtoto huyu. Wengine wote, acheni laini." Ule mngurumo kutoka nyumba ya buluu ulikoma.

Simu iliita papo hapo.

"Umesema kweli sasa?" Nivi aliuliza. Hakufoka, na hilo lilikuwa gumu zaidi kulisikia.

"Kweli."

"Vipakiti vingapi kwa siku? Usipunguze hata kimoja."

Pitsiula alimwambia. Akamwambia na mchuzi aliouongeza, na biskuti za chumvi, na mikebe. Nivi alimfasiria muuguzi, wakashauriana kwa muda mrefu. Halafu maagizo yakaja: bibi ameze kidonge kimoja zaidi cha kupunguza maji mwilini, akae wima, miguu aishushe chini, asiguse chumvi hata chembe, na Pitsiula apige simu kila saa kueleza pumzi na rangi ya midomo.

"Akizidiwa, Juta atakuja hata kama mbingu inaanguka," Nivi alisema. "Lakini muuguzi anadhani tunaweza kungoja. Pitsiula, ungekaa na uongo huo saa moja tu, nisingekuwa na uhakika kama ningewaona tena watu watatu. Haya, kampe kidonge."

Ile ilikuwa siku ndefu kuliko zote. Pitsiula alikaa miguuni pa bibi, akihesabu pumzi zake bila kutaka. Hakuthubutu kumtazama usoni. Lasalusi alitembea kwa ncha za vidole.

"Mpishi mwongo," alimnong'oneza dada yake mara moja. Halafu alikwenda kumletea blanketi.

Kuelekea jioni bibi aliomba kupelekwa chooni, kisha tena, na tena. Nivi aliposikia hayo kwenye simu alicheka na kulia kwa pamoja; dawa ilikuwa inafanya kazi. Na upepo, ingawa haukukoma, ulianza kushika pumzi katikati ya vishindo vyake. Katika kimya kimoja cha namna hiyo, koleo lilisikika likikwaruza mlango wa nje.

Alikuwa Juta. Alikuwa amefunga kamba kiunoni, na ncha ya pili Ipeeli aliishika kutoka mlangoni kwao. Masharubu yake yalikuwa barafu tupu. Alitoa kifuani samaki mkubwa aliyeganda, mwekundu ndani kama machweo, akamweka mezani.

"Nimesikia hapa mnapika tambi," alisema. "Nikaona nilete mboga."

Pitsiula alisimama mbele yake. "Naomba unisamehe. Ulikuwa utoke kwa ajili yangu."

Juta aliifuta barafu mdomoni. "Ningetoka kwa ajili ya Ulaju. Kwa ajili ya uongo wako nisingependa kufa." Halafu akaongeza kwa upole, "Maneno uliyosema redioni, mimi na umri wangu ningeyatafutia pembe ya kujificha. Haya, chemsha maji."

Pitsiula alichemsha kichwa na mifupa ya samaki bila kitu kingine, mpaka mchuzi ukawa mweupe. Tambi alizichemsha kwenye sufuria ya pili, akamwaga maji yake, akazisuuza. Aligawanya nyama ya samaki kwa vidole, akaongeza mahindi aliyoyaosha mara mbili. Vipakiti vya unga wa viungo vilivyobaki alivitoa vyote, akaviweka mezani na kumuuliza bibi avitupe wapi.

Bibi alionja. Walimngoja.

"Hii ina ladha ya samaki," alisema. "Zile nyingine zote zilikuwa na ladha ya unga, hata ile keki. Ulikuwa unapika vizuri, kaka, lakini ulikuwa unajipikia mwenyewe, ili nisiulize swali. Leo umenipikia mimi."

Alikula bakuli zima.

Dhoruba ilipokwisha, kijiji kilichimbuliwa nyumba kwa nyumba. Nivi alikuja anavuta lile paja la kulungu mwenyewe, akamkumbatia mama yake kabla hata ya kuvua glavu. Muuguzi Odile alikuja pia, akasikiliza moyo wa bibi na kusema umetulia. Shuleni haikuwa rahisi. "Pitsiula, nyama iko wapi?" Tuumasi aliuliza, na wengine wakajibu kwa pamoja, "Kibarazani." Alisema, "Hapana, haikuwepo," akakaa kwenye dawati lake. Kwa muda waliendelea, halafu wakachoka, kwa kuwa hakuna utamu wa kumfichua mtu aliyekwisha jifichua.

Jioni moja Mama alipiga simu. Mtoto alikuwa amezaliwa, msichana, na ndege ilikuwa inakuja kesho yake. Bibi aliongea kidogo, kisha akamnyooshea Pitsiula simu bila kusema neno juu ya nyama. Pitsiula alijua bibi ameacha nafasi hiyo kwa makusudi. Alikaa chini, akamweleza Mama yote tangu mwanzo, na hakujitafutia sababu. Mama aliuliza maswali mawili kuhusu bibi. Mwishowe akasema, "Nikifika tutaongea. Lakini nimefurahi kuyasikia kutoka kwako."

Simu ilipokatika, bibi alimwita akae karibu yake.

"Sina hasira tena," alisema. "Lakini nataka ulishike jambo hili, ukue nalo. Uongo wako ulianza mdogo, wa kukuepusha na kelele za siku moja. Ukala chakula changu. Ukala zawadi ya mama yako ambayo haikuwepo. Mwishowe ukataka kumla Juta na Ipeeli, watu wasiokukosea kitu. Ndivyo uongo ulivyo. Unaulisha kila siku, nao haushibi. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, wakati bado ni kosa la kuacha nyama. Watu watakufokea, kisha watakusaidia."

"Nimekusikia, Bibi."

"Tena usiache kupika. Tambi si mbaya kwa mtu anayejua cha kutia na cha kuacha. Kesho kuna wageni. Fikiria utawapikia nini."

Pitsiula alikwenda kibarazani, akashusha paja la kulungu kutoka kwenye kulabu, akaliingiza ndani liyeyuke taratibu kwa ajili ya Mama.